Fundi wa Mbalamwezi

Mwaloni kwetu, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, mtu akikopa akaahidi kulipa wiki ijayo, na wiki ijayo ikafika akaahidi nyingine, haitwi tapeli. Anaitwa fundi wa mbalamwezi. Wageni hudhani ni msemo wa zamani wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Nimewahi kumsikia kijana mmoja akimweleza mwenzake, kwa uhakika kabisa, kwamba umetoka kwa wazee wa Kiha. Haukutoka kwa wazee. Umetoka kwangu mimi, mwalimu wa Kiingereza, Jumamosi ya tarehe 4 Novemba 2017, kama saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Naandika haya mapema, kabla sijazeeka nikaanza kujitetea.

Kwanza mwezi wenyewe. Mtu wa mjini anaweza kumaliza mwaka mzima asijue mwezi umefikia wapi. Kigoma huwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Jua likizama mitumbwi inatoka, taa zinawashwa katikati ya maji, vijidudu vya majini vinafuata mwanga, dagaa wanafuata vijidudu, na migebuka wanawafuata dagaa. Wavu unangoja chini. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga unatapakaa kila mahali, na dagaa hana tena sababu ya kukusanyika kwenye taa yako. Ndiyo maana mvuvi ana majira mawili tu: giza na mbalamwezi. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kudaiana, kuoana, na kukumbuka kwamba kumbe una mtoto shuleni. Mimi nikimhitaji mzazi ambaye ni mvuvi sihangaiki na kalenda ya shule. Naangalia juu.

Siku hiyo ya Novemba ilikuwa mbalamwezi, na kwa hiyo wanaume wote walikuwa nchi kavu. Mwalo wetu ni mdogo, uko mbele kidogo ukishapita Kibirizi, pale zinapoanzia boti za kwenda Gombe. Alikuja mgeni mmoja, Mwingereza, amekonda, ana kofia ya nyasi, na nyuma yake vijana wawili wamebeba maboksi. Alikuwa anauza taa za kuvulia zinazochajiwa kwa jua. Wakati ule wengi wetu bado tulitumia karabai: unapiga pampu, inaunguruma usiku kucha, inakunywa mafuta ya taa kama ina kiu ya mwaka, na ule utambi wake wa kitambaa ukiguswa na tone moja la maji unameguka kama majivu. Tajiri mwenye mitumbwi minne alikuwa tayari kununua, lakini alitaka nahodha na wavuvi wasikie wenyewe. Wakatafuta mtu wa kutafsiri. Wakaniita mimi.

Nilikuwa nimefundisha Kiingereza mwaka wa saba. Ningeweza kukueleza nyakati zote, zilizopo, zilizopita na zile ambazo sijui nani huzitumia. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilisimama kati ya mgeni na wazee, na kwa nusu saa ya kwanza niliteleza kama mtumbwi kwenye maji matulivu. Bei, dhamana, saa ngapi taa inakaa, maji yakiingia itakuwaje. Kisha nahodha, mzee ambaye uso wake umekaushwa na ziwa, akauliza swali ambalo mvuvi yeyote angeuliza.

"Mwalimu, muulize zinaharibika kila baada ya muda gani. Na zikiharibika, fundi anakuja lini?"

Nikauliza. Mgeni akacheka, akapunga mkono hewani kama anafukuza inzi, akasema taa hizi huharibika "once in a blue moon". Halafu akaongeza kwamba hata fundi wao mteja humwona "once in a blue moon".

Maneno hayo sikuwahi kuyasikia. Mtafsiri aliyesimama mbele ya watu arobaini ana sekunde mbili za kufikiri, na mimi nilizitumia hivi: "once" ni mara moja. "Moon" ni mwezi. Hiyo "blue" ilinipa shida kidogo, lakini nikakumbuka jinsi ziwa linavyokuwa usiku wa mbalamwezi, maji yanavyobadilika rangi, na milima ya Kongo ng'ambo ile inavyosimama ya bluu kabisa kama imechorwa. Nikasema moyoni, bila shaka Waingereza huita mbalamwezi hivyo. Nikageuka kwa wazee, nikatoa sauti ya darasani:

"Anasema zinaharibika mara moja kwa mwezi, wakati wa mbalamwezi. Na fundi atakuja mara moja kwa mwezi, wakati huohuo wa mbalamwezi."

Nilitegemea manung'uniko. Taa inayoharibika kila mwezi si taa. Badala yake wazee wakaangaliana, nahodha akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, na makofi yakapigwa.

"Hawa safari hii wamejifunza," alisema. "Wengine wanakuletea mashine inakufia katikati ya giza, ndani ya maji. Hawa wamejua mbalamwezi hatuna kazi nazo. Ziharibike basi, fundi atatukuta hapahapa."

Mgeni aliona watu wanapiga makofi, na yeye akapiga. Kwake walikuwa wanashangilia taa isiyoharibika. Kwao walikuwa wanashangilia taa inayoharibika kwa adabu. Katikati nilisimama mimi, natabasamu pande zote mbili, na tajiri akatoa malipo ya kwanza. Sijawahi kuona biashara iliyofungwa kwa furaha kiasi kile.

Nieleze hapa maana yake ya kweli, kwa faida ya yeyote atakayeitwa chini ya mwembe siku za usoni. Mwingereza akisema jambo linatokea "once in a blue moon", anamaanisha hutokea kwa nadra sana, mara chache mno, kiasi kwamba huwezi kulipangia siku. Si kwamba halitokei kabisa. Linatokea, ila kati ya tukio na tukio umeshasahau. Ni lugha ya mazungumzo: husemwa juu ya binamu asiyekutembelea, juu ya kula hotelini, juu ya sigara ambayo mtu anadai haivuti ila siku mojamoja. Mara nyingi ndani yake kuna utani, au lawama iliyofunikwa. Kwenye ripoti ya ofisi haikai vizuri. Tena haifai kwa ahadi. Mwalimu mwenzangu, nilipomfundisha msemo huo baadaye, aliupenda akaenda kumwambia muuza duka kwamba atamlipa "once in a blue moon", akidhani amesema "siku moja Mungu akijalia". Bahati yake muuza duka hakijui Kiingereza. Angekielewa, asingempa tena hata kiberiti.

Kwa hiyo mgeni wangu alikuwa anajisifu: taa hazisumbui, na fundi hana kazi. Mimi nikaligeuza sifa hilo likawa ratiba.

Kosa lote limelala kwenye neno moja la Kiswahili. Sisi mwezi ni ule ulioko angani, na mwezi ni zile siku thelathini. Kiha nacho kinafanya hivyo, ukwezi ni huo na ni huo. Mwingereza ametenganisha: "moon" juu, "month" ukutani. Ingawa ukichimba asili yao utakuta "moon" na "month" ni ndugu wa ukoo mmoja, waliotengana zamani tu. Mimi sikujua yuko kwenye upi. Nikavichanganya vyote, mara moja ikawa kila mwezi, na kitu adimu kikawa cha kawaida kama kodi ya meza sokoni.

Mbalamwezi ya kwanza iliangukia Jumapili ya tarehe 3 Desemba. Nilipita mwaloni jioni nikitoka kanisani, na nilichokiona sitakisahau. Taa zote zilikuwa zimepangwa kwenye mikeka, safu mbili zilizonyooka, zimefutwa mpaka zinang'aa. Si mbovu tu. Zote. Nahodha alikuwa amevaa shati jeupe. Akina mama wa kuanika dagaa walikuwa wamenuna kwa sababu mikeka ile ilikuwa yao, na mahali pale ndipo wanapoanikia.

"Shikamoo mzee. Kuna nini leo?"

"Marahaba, Mwalimu. Si fundi anakuja?"

"Mbona zingine ni nzima?"

"Atazikagua. Si amesema mwenyewe zinaharibika mwezi huu? Labda bado hazijaonyesha."

Fundi hakuja. Wakasema labda mvua, maana barabara ilikuwa mbaya. Tarehe 2 Januari mwezi ukapevuka tena, mikeka ikatandikwa tena, mama mmoja akakataa kutoa mkeka wake na maneno yakawa mengi. Fundi hakuja. Wakasema labda sikukuu. Wakati huo taa tatu zilikuwa zimeanza kusumbua kweli, swichi zimeshika kutu, na wenye nazo walizikalisha pembeni bila kuzigusa, wakimngoja mwenye kazi yake. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Swichi ni kitu cha dakika kumi. Lakini watu walikuwa wameahidiwa fundi, na aliyeahidiwa mwenye kujua haachi mtoto achezee.

Mimi bado sikuwa na wasiwasi na Kiingereza changu. Niliwalaumu wenye taa. Nilisema kwenye chumba cha walimu, kwa sauti, kwamba kampuni hizi zote ni moja: mdomo asali, mikono mitupu.

Ikafika Jumatano ya tarehe 31 Januari 2018. Nilikuwa nasahihisha madaftari, simu ikaingia habari kutoka kwa rafiki yangu wa Dar es Salaam, habari ya gazeti la nje yenye picha kubwa ya mwezi, na juu yake maneno mawili niliyoyajua: "blue moon". Nikafurahi. Nikasema kumbe nilikuwa sahihi, ni mbalamwezi. Nikaanza kusoma. Aya ya kwanza ikasema tukio hili ni nadra. Aya ya pili ikasema ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, kwa sababu wa kwanza ulikuwa tarehe 2. Aya ya tatu ikasema ndiyo maana ukasemwa msemo ule kwa kitu kinachotokea mara chache sana.

Niliisoma aya ya tatu mara nne. Halafu nikaenda kunywa maji.

Hesabu yake ni nyepesi ukishaelezwa. Kutoka mwezi mpevu hadi mpevu mwingine ni siku ishirini na tisa na nusu hivi. Miezi ya ukutani, ukiacha Februari, ina siku thelathini au thelathini na moja. Zile siku za ziada zinajikusanya, mpaka kuna mwezi wa kalenda unaotosha kubeba mipevu miwili, mmoja mwanzoni, mmoja mwishoni. Hutokea kama mara saba katika miaka kumi na tisa. Yaani mtu anayekutembelea kila mwezi wa bluu halisi amekuja kwako mara saba mtoto wako akiwa kati ya kuzaliwa na kumaliza kidato cha nne na kubaki. Nina ndugu wa damu ambao hawajafikia idadi hiyo. Mwaka ule wa 2018 ulikuwa na vituko vyake: Januari mipevu miwili, Februari haukupevuka hata mara moja, halafu Machi miwili tena, tarehe 2 na tarehe 31. Nadra gani hiyo, mara mbili katika miezi mitatu? Ndivyo vitu adimu vilivyo. Kama mabasi ya zamani ya Kasulu, unangoja kutwa, yanakuja mawili pamoja.

Na rangi? Hana rangi. Ni mweupe kama siku zote. Waingereza walianza na upuuzi wa makusudi: kuna kijitabu cha mashairi cha mwaka 1528 kilichowasuta wakuu wa Kanisa kwamba wao wakisema mwezi ni wa bluu, basi na sisi lazima tuamini. Mwezi wa bluu ulikuwa uongo ulio wazi, kama sisi tunaposema maziwa ya kuku. Kumbe baadaye ikaja kuonekana kwamba inawezekana. Mlima wa volkano wa Krakatoa, kule Indonesia, ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilitanda angani, na sehemu mbalimbali za dunia watu waliona mwezi wa bluu na wa kijani kwa macho yao. Kwa hiyo kitu ambacho hakiwezekani kikawa kinawezekana kwa nadra. Nadhani hapo ndipo msemo unapokaa hasa, katikati ya "kamwe" na "mara mojamoja".

Jioni ile nilikwenda mwaloni kuungama. Mwezi ulikuwa unachomoza nyuma yetu juu ya vilima, mikeka imetandikwa kwa mara ya tatu, safari hii michache. Nahodha alikuwa amevaa shati la kawaida.

"Mzee, nina neno. Siku ile nilitafsiri vibaya."

Akanyamaza. Wengine wakasogea.

"Yule mgeni hakusema fundi atakuja kila mbalamwezi. Alisema anakuja mara chache sana. Kwa nadra."

"Nadra kiasi gani?"

"Kama mara moja kwa miaka miwili, mitatu."

"Hiyo ndiyo hatakuja, Mwalimu." Alisema bila hasira. "Ungetuambia hatakuja, tusingetandika mikeka."

Kijana mmoja akauliza, huo mwezi wa bluu wenyewe uko vipi. Nikafanya kosa la kusema ukweli: nikanyoosha kidole nikasema ni ule pale. Wote wakageuka. Ulikuwa mkubwa, wa rangi ya mawese kidogo kwa chini, juu unaanza kuwa mweupe. Wakautazama. Wakanitazama. Kimya kile ndicho kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa ndani yake.

"Na fundi?" akauliza kijana.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, ningefanya nini? Usiku huohuo jina likazaliwa. Taa tulizipeleka kwa kijana wa kutengeneza simu pale sokoni, akabadilisha swichi zote tatu, akachukua elfu tisa.

Nilimweleza Bibi yangu wa Ujiji mkasa huu, nikidhani atanihurumia. Bibi ni mtu wa mwezi kuliko wavuvi. Kila mwezi wa Kiislamu hufunga zile siku nyeupe, mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, na hajawahi kuuliza redio tarehe. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, akanizuia nilipofika kwenye mwezi mpevu wa pili.

"Wa pili wapi?"

"Ndani ya Januari, Bibi."

"Mwezi haupevuki mara mbili, mjukuu wangu. Unaandama, unakua, unapevuka, unapungua, unakufa. Ukiandama mwingine ni mwingine. Hao wameukata vibaya, ndio maana wanauona mara mbili."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kwa kalenda ya Bibi mwezi wa bluu hauwezi kuwapo. Kila mwezi wake unaanza na mwandamo, basi mpevu wake ni mmoja tu, katikati, kama kiini cha yai. Mwezi wa bluu hauko angani kabisa. Uko ukutani, umetokana na kalenda ambayo iliacha kumfuata mwezi zamani lakini haikuacha kuitumia jina lake.

Nilipoendelea kusoma nikapata faraja moja isiyo ya kiungwana. Hata hiyo maana ya "mwezi mpevu wa pili" ilitokana na mtu kukosea. Kulikuwa na almanaki moja ya wakulima wa jimbo la Maine, Marekani, iliyokuwa na hesabu yake: majira ya mwaka kwa kawaida yana mipevu mitatu, yakipata minne, ule wa tatu ndio wa bluu. Mwaka 1946 mwandishi James Hugh Pruett aliandika katika jarida la Sky & Telescope, akaifahamu vibaya hesabu hiyo, akaeleza kwamba ni mpevu wa pili ndani ya mwezi wa kalenda. Watu wakaipenda kwa sababu ni rahisi. Ilichukua hadi mwaka 1999 jarida lenyewe kueleza kwamba lilipotoka, na wakati huo dunia nzima ilishazoea, haikurudi nyuma. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Mimi na Pruett tulikosea juu ya mwezi uleule. Tofauti ni kwamba kosa lake limeingia kwenye kamusi, langu limeishia mwaloni.

Siku hizi nikitafsiri, ninapofika pale nachagua. Kwa kawaida nasema "kwa nadra" au "mara mojamoja sana", yanatosha. Nikitaka ladha nasema adimu kama wali wa daku, ingawa vijana wa leo wanakula wali daku mwezi mzima na hawaelewi uadimu uko wapi. Maziwa ya kuku ni makali mno. Hayo hayapatikani kabisa, na mwezi wa bluu unapatikana. Kuna siku nilimsikia mama muuza samaki akisema juu ya mume wake, "Huyo anaonekana kama mvua ya Julai," na Kigoma Julai ni kiangazi kitupu. Nikaandika kwenye daftari. Hiyo ndiyo tafsiri niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo, na mwenye nayo alikuwa anakaa hatua ishirini kutoka kwenye ule mwembe.

Jina langu halikufa. Mwaka 2023, Agosti ulipata mipevu miwili, tarehe 1 na tarehe 31, na usiku wa 31 nahodha, sasa amezeeka zaidi na macho yanamsumbua, alinipigia simu kuuliza kama fundi ameshafika Uvinza. Mwaka uliofuata ziwa lilifungwa miezi mitatu ili samaki wazaane, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Watu walikaa kwa shida, wakihesabu siku. Likafunguliwa mwezi ukiwa umekaribia kupevuka, yaani mvuvi ameruhusiwa kuvua na mbalamwezi inamkatalia. Tarehe 19 Agosti mwezi ukapevuka, na kwa ile hesabu ya kale ya wakulima wa Maine, huo ndio uliokuwa wa bluu. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie achelewe, hatuna hela ya kumlipa."

Msemo huu naufundisha kila mwaka, kidato cha pili, na naanza na mikeka. Wanafunzi wanacheka, halafu nawapa kazi: kila mmoja atunge sentensi moja ya maisha yake. Sentensi nyingi zinafanana. Nakula kuku "once in a blue moon". Shangazi yangu anatoka Tabora "once in a blue moon". Mwaka huu nilikuta daftari la msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma, hasemi sana. Ameandika kwa mwandiko mdogo: "My father comes home once in a blue moon because he is a fisherman."

Nikachukua kalamu nyekundu. Mtoto wa mvuvi, baba yuko kambini kusini huko, anarudi nyumbani mwezi ukiwa mkubwa kama wanavyorudi wote. Amefanya kosa langu lilelile, neno kwa neno. Nilikuwa nimeshaanza kuchora mstari, nikasita, nikamwita mezani.

"Hapa unataka kusema baba anakuja nyumbani kila mbalamwezi?"

Aliangalia daftari, si mimi.

"Hapana, Mwalimu. Kila mbalamwezi wanakuja wa wenzangu."

Mstari ulikuwa umeshafika katikati ya neno. Nikaukunja ukawa alama ya vema, kubwa, mbaya kidogo, na nikamrudishia daftari lake.